Nafasi ya Mtoto wa Nne

Kitindamimba aliishika kadi ya msiba kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa kikombe cha moto. Picha ya mama ilitoka vizuri. Chini yake palikuwa na majina ya watoto watatu, basi.

"Kaka," alisema taratibu, "mimi nimekuwa jirani tangu lini?"

Wafiwa sebuleni wakajifanya viziwi. Nani asiyejua kwamba mama alimchukua binti huyu angali mchanga, akamlea, akamwita kitindamimba wake hadi jina likashika? Na kadi zilitoka kwenye programu ya kuchapa kadi aliyoiandika kaka mkubwa, yule msomi ambaye mama hakuchoka kumsifu.

"Ni kompyuta," kaka alijibu, uso ukamwiva kwa aibu.

Akajifungia chumbani, akaifungua programu. Asubuhi aliliandika jina la dada yake kwa mkono wake mwenyewe, na lilikuwepo. Kosa lilikuwa kwenye konstrakta, kile kipande cha msimbo kinachoiunda familia kwa majina kinayopewa. Aliitengea nafasi za watoto watatu. JavaScript, lugha ya kompyuta aliyoiandikia, nayo ina adabu mbaya: ukiipa jina la nne hailalamiki, inalipokea na kuliacha kimyakimya.

Lakini tatu hiyo ilitoka wapi? Akakumbuka, na moyo ukamchoma. Siku ile alipoiandika alihitaji mfano wa familia, akahesabu nyumba yao kichwani. Mimi, huyu, na yule.

Akafuta nafasi zile. Mahali pake akaweka nukta tatu na neno "watoto", maana yake wote watakaokuja, wawe wangapi. Marekebisho ya mstari mmoja tu, jamani. Akachapa kadi upya, akarudi nazo sebuleni.

Kitindamimba alizisoma, akapumua. "Kumbe kweli ilikuwa kompyuta."

Kaka angeitikia tu, yangekwisha. Hata shangazi pale mlangoni alikuwa tayari anakubali kwa kichwa.

"Hapana," alisema. "Nafasi nilizihesabu mimi. Sikukuhesabu."

Kitindamimba akainua macho kutoka kwenye kadi. "Mama alijua?"

"Nilimwonyesha programu ilipokwisha. Akaniuliza, mbona watatu? Nikacheka, nikamwambia ni mfano tu, mama."

Kitindamimba aligawa rundo la kadi, akamsukumia nusu.

"Wewe wagawie wa viti vya upande ule," akasema, bila kumwita kaka.