Mikono Miwili ya Kushoto

Daktari alisema alale. Si apunguze kazi, si ajipumzishe mchana: alale kabisa, ainuke kwenda chooni tu, mpaka damu ikatike. "Mimba mbili zimeshatoka, dada," alimwambia. "Hii tusiichezee."

Basi fundi cherehani akalala, na hasira zake zikalala naye. Jumamosi mdogo wake alikuwa anaolewa, na kitambaa cha gauni kilikuwa bado mezani. Yeye ndiye aliyemlea huyo mdogo mtu tangu mama yao afariki, na ndiye aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba siku ya harusi atamvalisha kwa mkono wake mwenyewe.

"Katika wiki zote za mwaka," aliiambia dari, "Mungu akaichagua hii!"

Mume akasema Mungu ana mipango yake. Mke alimtupia jicho moja tu, naye akakumbuka ghafla kwamba anachelewa kazini.

Mama mkwe, aliyekuja kumwangalia, hakuhubiri. Aliketi mlangoni kama askari jela. Lakini hata askari huishiwa sabuni, na alipotoka kwenda dukani, fundi aliona huo ndio mwanya. Alivuta kitambaa, akakitandaza kitandani, akapiga magoti juu ya godoro. Kitandani si ndiko alikoambiwa akae?

Alikata mwili wa gauni vizuri. Alipofika kwenye mikono akaanza kusikiliza mlango, akapandanisha vipande viwili vya lesi, vyote uso juu badala ya kuvikabilisha uso kwa uso, akapitisha mkasi mara moja. Kosa hilo fundi hukanywa siku ya kwanza kabisa anaposhika mkasi. Alipovitenganisha alikuwa na mikono miwili ya kushoto, lesi imekwisha, na shuka la chini limekatika pia.

Hapo ndipo maumivu yalipomshika chini ya kitovu. Akaganda, mkasi mkononi, akiogopa hata kupumua.

Mama mkwe alimkuta hivyo. Akamlaza, akampangusa jasho, akasubiri mpaka maumivu yakaachia. Ndipo akaokota ile mikono na kuitazama.

"Mshika mawili, mwanangu, moja humponyoka," alisema. "Sasa niambie, unataka liponyoke lipi?"

Fundi aligeukia ukutani. Alikuwa na hasira na daktari, na mume, na lesi, na zaidi ya wote na Mungu. Mwishowe akasema, akiwa ameuma meno, "Kamwite Mama Zipu."

Mama Zipu alikuwa na cherehani yake ng'ambo ya barabara, na aliitwa hivyo kwa sababu hakuna nguo iliyowahi kutoka kwake bila zipu, hata pale ambapo kifungo kimoja kingetosha. Alikuja, akaigeuza ile mikono, wala hakucheka.

"Mume wangu alipolazwa, mimi nilikata suruali ya miguu mitatu," alisema. "Hii tuiache. Kwa lesi yake nitamwekea mikanda mabegani. Na mgongoni, zipu."

"Vifungo! Vidogo, vya kufunikwa kitambaa!"

"Siku hazitoshi, dada. Zipu."

Fundi akalia waziwazi. Mama Zipu akakunja kitambaa, akaondoka nacho.

Haukupita muda, cherehani ya ng'ambo ikaanza kunguruma, ikikimbia mno, kama kawaida ya mwenyewe. Kila iliposimama, fundi aliiona zipu akilini. Mguu wake mmoja ulishateremka kitandani. Akautazama, akaurudisha juu, akaweka mkono tumboni.

"Mungu," alisema, "bado nimekukasirikia, usidhani yameisha. Lakini mtoto ni wako. Harusi ni yako. Hata yule mwanamke na zipu zake ni wako. Kesheni nyinyi wawili. Mimi nalala."

Na mchana kweupe, cherehani ya mtu mwingine ikilishona gauni la mdogo wake, akalala.