Makofi ya Bi Kijakazi

Albamu yao ya kwanza ilikuwa na nyimbo nane, na Badria alijua fika kwamba ule wa saba ndio uliozibeba nyingine zote. Waliirekodi kwa miezi minne katika stoo ya vitenge ya baba wa mwenzake, Ansbert, Mtaa wa Sikukuu, marobota yakizuia kelele za Kariakoo. Ansbert, Mchaga aliyekulia kwenye tarumbeta za kanisani, alizichanganya na fidla ya taarabu na kasi ya singeli. Watu wangesema wamerukwa na akili, na wala wasingekuwa mbali na ukweli.

Wimbo wa saba ulitoka unyagoni. Badria alijiona mjanja hapo. Mambo ya unyago hayatolewi nje, basi akaacha maneno yote, akavumisha sauti tu juu ya makofi aliyofundishwa alipokuwa mwali. Alidhani siri imo kwenye maneno.

Siku tatu kabla ya albamu kutoka, yeye na Ansbert walikwenda Buguruni kumsikilizisha Bi Kijakazi, kungwi aliyemfunda. Badria alitaka baraka zake. Bibi akawapa kahawa, akasikiliza nyimbo sita kwa furaha, ule wa tarumbeta akaomba urudiwe. Ulipoanza wa saba, akaweka kikombe chini.

Akauliza nani kapiga makofi yale. Ansbert akajibu kwa fahari kwamba ni yeye, Badria alimwelekeza mpaka yakakaa sawa. Bibi akamwomba kwa upole awapishe, akakae barazani.

"Maneno tunabadilisha kila mwaka, somo," alisema walipobaki wawili. "Makofi ndiyo niliyopewa na bibi yangu. Yakishapita mikononi mwa mwanamume, hatumpigii tena mwali."

Badria akalia pale pale, akaahidi kuufuta. Jioni ile waliufuta kweli, kwenye simu na kwenye kompyuta ya stoo. Ansbert hakuambiwa sababu, na kwa heshima hakuiuliza, ila uso ulimsinyaa. Mikononi mwake lakini makofi yale hayakuwa na pa kufutiwa.

Ijumaa albamu ikatoka na nyimbo saba, ikapokewa kuliko walivyoota. Simu ya Badria ililia pongezi mchana kutwa, naye hakuona ladha yake.

Jumapili Bi Kijakazi akamtoa unyagoni mjukuu wake, Amira. Badria hakufukuzwa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alipewa hata kazi ya kumshika mwali mkono. Ilipofika zamu ya makofi, wanawake wote wakamtazama bibi. Yeye akaacha mikono yake mapajani, akawaashiria waendelee na wimbo mwingine.

Amira alikuwa ameyasubiri makofi yale tangu utotoni, akiyasikia kwa mbali wenziwe walipotolewa.

"Dada," alinong'ona chini ya kanga, "mbona mimi sijapigiwa?"

Badria akamvutia kanga usoni, asimwone akilia.