Hibo Alipimwa Akiwa Ameshiba

Batula alikuwa kwenye foleni ya nyama, Newtown, ughaibuni kwa Waingereza, mwaka wa 2006, aliposikia ati watu wa serikali wakikuta nyumba chafu na mtoto ana njaa, wanamchukua mtoto. Aliyesema ni mwanamke asiyemjua, tena alisema huku akichagua maini. Batula akanunua kilo mbili za mbuzi akaenda nyumbani na maneno yale. Akapika nayo, akalala nayo.

Wakati huo binti yake Hibo, wa miaka mitano, alikuwa amekaa miezi minne darini. Alidungwa chanjo ya kuanza shule siku ya Jumatatu. Alhamisi, akitazama katuni, aliinuka polepole kutoka kwenye zulia mpaka kichwa kikagusa dari. Kakake Ridwan alidungwa sindano ileile na akabaki chini, akipigana na kila mtu. Nesi aliandika kwenye kadi: "Anaelea. Apewe maji mengi." Batula akabandika mto pale juu, mtoto asiumie kichwa.

Shule ilisema itampokea Hibo siku atakayokuja na mtu wa kumshika mkono kutwa nzima. Batula hakuwa na mtu huyo. Yeye alikuwa akisafisha ofisi za watu. Jirani yake Champa, Mhindi aliyekulia Kisumu, ndiye aliyemwambia kwamba serikali huwalipa fidia waliodhurika na chanjo, fedha ambazo zingemlipa huyo mshika mkono. Sharti ni moja, madhara yafike asilimia sitini.

"Huyu iko mia kwa mia," Champa alisema, akimtazama Hibo kule juu. "Kichwa nagusa dari. Nataka nini tena?"

Wakajaza fomu. Ofisi ikajibu kwamba daktari atakuja Jumanne saa sita mchana kupima.

Mama mwingine angemwacha mtoto alivyo. Batula, ambaye akili zake za darasa la saba zilikuwa bado kwenye foleni ya nyama, alianza kuosha kuta tangu alfajiri. Alimvuta Hibo chini kwa mkanda wa bafuta, akamwogesha, akamlisha wali wa mbuzi sahani mbili, na ndizi juu yake kama wanavyokula kwao. Akamvalisha gauni la Idi lenye shanga, bangili nne na viatu vya ngozi. Alipomwachia, Hibo alipanda mpaka usawa wa meza, akasimama hapo hewani.

"Nimeshiba," alisema kwa Kiingereza.

Champa alipoingia alishika mdomo. "Mama Hibo! Wewe iko wazimu? Toa viatu!"

"Nimpokee mgeni na mtoto miguu mitupu? Waseme sina viatu?"

Kengele ikalia.

Daktari alikuwa mtu mpole. Alivua viatu mlangoni, akakataa chai, akakubali sambusa. Alipima kutoka sakafuni hadi soli za Hibo, akapima nafasi iliyobaki hadi dari, akapiga hesabu mara mbili. Kisha akauliza mtoto anaendeleaje.

"Alhamdulillahi," Batula alisema. "Hajambo kabisa. Anakula vizuri, analala vizuri."

Champa, aliyekuwa mkalimani, akamgeukia Batula. "Mimi naseme hiyo?"

"Sema. Mgeni anakujulia hali, umwambie mtoto wako ni mbovu, naye anasikia?"

Champa akasema. Daktari akaandika. Batula akatia sahihi, akamfungia sambusa tatu za njiani.

Jioni, wali uliposhuka na viatu vilipovuliwa, Hibo alirudi darini.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Ofisi ilikubali kwamba Hibo anaelea. Ilikubali kwamba sababu ni chanjo. Madhara yalikuwa asilimia hamsini na tisa. Batula akakata rufaa, na jopo likamsomea maneno yake mwenyewe, na sahihi yake chini: hajambo kabisa.

"Kingekosekana kiatu kimoja tu, Champa," alisema wakirudi kwa basi. "Kila asubuhi ya Mungu napoteza kiatu cha mtoto. Siku hiyo nikaviona vyote viwili."

Hibo sasa ana miaka minane. Husoma vitabu akiwa ameegemea taa. Shule bado inamngoja, yeye na mtu wake. Batula ameandika karatasi akaibandika kwenye kituo cha kina mama, yasije yakampata mwenzake:

Usimlishe mtoto wali kabla ya kupimwa.

Usimvalishe nguo za Idi.

Usiseme alhamdulillahi kwa sauti. Iseme moyoni, Mungu hahitaji mkalimani.

Usitie sahihi kabla hujasomewa.

Usimnyime mdogo wake chanjo kwa sababu ya Hibo. Surua nayo huua.

Usioshe kuta. Hakuna aliyezitazama.

Usifungue dirisha, hata joto liwe vipi.