Mkwe Hatajwi

Eustadia alikuwa mjane wa kijiji cha Ipuli, mkulima wa karanga alizokuwa akiziuza mwenyewe sokoni Tabora mjini. Mwaka uliofuata kutawazwa kwa Malkia wa Waingereza, mwishoni mwa kiangazi, alikuwa akirudi nyumbani na kapu tupu kichwani. Lori la mbao likamjia kwa nyuma, likakwepa shimo, likamgonga yeye.

Alianguka mtaroni. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda mahali pasipo na goti. Kanga ilichanika na kubaki kwenye bodi la lori, naye akalala mapaja wazi, hawezi hata kunyoosha mkono ajisitiri. Lori lilisimama. Dereva akashuka mbio, akamkaribia, halafu akaganda. Alikuwa Ngollo, mume wa binti yake Koleta.

Kwao Wanyamwezi, mkwe humpisha mama mkwe njia. Hamtazami usoni, hamgusi, na jina lake halitamki, na mama mkwe naye vivyo hivyo. Ngollo alijifunika uso kwa mkono, akageuka, akapanda lori akaenda zake. Eustadia aliuona mgongo wake ukipotea vumbini, na kilichomjia kwanza hakikuwa hasira. Alimshukuru Mungu kwamba yule kijana hakumwinua.

Wapita njia ndio waliomfunika na kumpeleka hospitali kwa mkokoteni. Askari alipokuja kuuliza, Eustadia akamjibu, "Sikumwona dereva. Vumbi lilikuwa jingi."

Kaka yake mkubwa, Hilari, hakukubali yaishie hapo. Alikwenda bomani, karani akamweleza kwa upole: sheria inataka kila gari liwe na bima, na bima ndiyo inayomlipa aliyegongwa. "Lakini gari lako, mzee, halijulikani. Tumdai nani?"

"Nitalitafuta," Hilari akasema.

Akalitafuta kweli. Aliacha shamba lake, akawa anashinda kwenye vituo vya malori na nyuma ya maduka, akiinama kukagua taa na mabodi, madereva wakimcheka. Jioni alipita hospitali kumsimulia dada yake alikofika, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. Eustadia alimsikiliza akitazama ukuta. Kila siku aliazimia kumwambia, na kila siku aliyaona tena mapaja yake mtaroni na macho ya mkwe juu yake, akafumba mdomo.

Mwishowe Hilari alilipata. Lilikuwa la Shaban, mfanyabiashara wa mbao, na kwenye komeo la bodi kulikuwa bado na uzi wa kanga. Bima yake ilikuwa imekwisha zamani. Shaban alikana: lori siku hiyo halikutoka uani.

"Hata mkwe wetu nimemuuliza, si anaendesha kwa Shaban?" Hilari alisema. "Anasema siku ile alikuwa na homa. Basi atakuwa yule dereva mwingine. Wewe utamtambua mahakamani."

"Kaka, tuache," Eustadia akasema.

"Tuache, na mguu huu?"

Siku ya kesi alikwenda kwa magongo. Hakimu alikuwa Mzungu, na mkalimani wake Marko, Mnyamwezi wa mjini. Shaban aliketi mbele na madereva wake wawili. Eustadia alijivutia kanga usoni mara tu alipoingia.

"Hakimu anauliza," Marko akasema, "dereva aliyekugonga yumo humu?"

"Yumo."

"Mwonyeshe."

Hakuinua mkono.

"Basi mtaje jina."

"Siwezi."

"Hawezi kwa sababu hayupo," Shaban akasema, na hakimu akamnyamazisha.

Marko alimtazama yule mama aliyejifunika uso kwa kanga. Akamuuliza taratibu kwa Kinyamwezi, "Mama, ni mkweo?" Eustadia akainamisha kichwa. Marko akamgeukia hakimu, akaanza kumweleza habari za ukwe, lakini hakimu alitikisa kichwa. Mahakama, alisema, haiwezi kumhukumu mtu asiyetajwa.

Hapo Ngollo akasimama.

"Mama yule hawezi kunitaja," alisema, macho yake sakafuni. "Ni mimi. Bwana Shaban alituambia tukane, nami nikakana. Lakini siku ile sikukimbia kwa ajili ya Bwana Shaban. Ningemgonga mtu mwingine, ningemwinua."

Watu waliokaa nyuma waliguna. Eustadia alitamani ardhi immeze. Alichokuwa amekificha kwa muda wote ule, kwamba mkwe alimwona vile, sasa kilikuwa kimesemwa mbele ya Mzungu, mbele ya maaskari na mbele ya nusu ya Ipuli.

Nje, Hilari alimsaidia kukaa kwenye keria ya baiskeli.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Nami nikazunguka mji mzima kama mwendawazimu."

"Nisamehe, kaka."

Hilari alisukuma baiskeli hadi Ipuli, akipunguza mwendo kila penye mashimo ili mguu usitikisike.

Kwa kuwa bima haikuwapo, Shaban aliamriwa kulipa fidia kutoka mfukoni mwake, ikambidi auze lori. Ngollo alifungwa. Eustadia alitibiwa tena, lakini mguu ulibaki mfupi. Watu walipomwambia ana bahati, kwamba wengine hugongwa wasilipwe kitu, aliitikia tu. Kanisani alihamia benchi la nyuma.

Koleta hakukanyaga kwa mama yake mpaka mumewe alipotoka gerezani. Siku aliyokuja alisema shikamoo, akaitikiwa, akaingia jikoni kusonga ugali kana kwamba alikuwa hapo jana. Akapakua, wakala.

"Mwenzio hajambo?" Eustadia akauliza hatimaye.

"Hajambo. Ameacha kuendesha, yuko Usinge anapasua mbao." Koleta alikusanya vyombo. "Hataki kupita Ipuli. Anasema anaona haya."

Eustadia alinyoosha mguu wake kwenye mkeka, akaufunika vizuri kwa kanga.

"Mwambie na mimi ninaona haya," akasema. "Lakini njia ni ya watu wote. Apite."