Lango Lililorudishiwa Miti

Usingizi unamchukua Naliaka mchana kweupe, kisu cha kukatia majani ya vitunguu kingali mkononi, ndani ya ghala la shangazi yake huku bondeni alikokimbilia tangu nyumba zao za mlimani zichomwe moto. Ana miaka kumi na saba, na huu ni mwezi wa nne hajui kama Ndiwa yu hai. Anachojua ni kwamba siku ile walikimbia pamoja, yeye mbele, Ndiwa nyuma, na alipovuka lango la boma la ng'ombe mikono yake ikafanya ilichozoea tangu utotoni, ikarudisha miti mitatu ya kulifungia kwenye vishimo vyake. Kwao anayepita hurudisha miti, hata akifukuzwa na nyuki. Mikono mijinga! Ilimfungia mpenzi wake upande wa mapanga.

Sasa ghala halina ukuta wa nyuma, kuna barabara, naye anaifuata, na barabara inajikunja na kumrudisha kwenye lango lile, analivuka, mikono inarudisha miti, nyuma yake anasikia panga likikata mti, kisha likikata kitu laini, anakimbia, barabara inajikunja, lango ni lile lile. Anatokea mtu aliyevaa sweta ya kijani, ile ambayo yeye mwenyewe alimfumia Ndiwa, ila juu ya kola hakuna uso, pako laini kama yai lililomenywa. Naliaka anamuuliza, Ndiwa yuko wapi? Mtu anajibu, Yuko pale ulipo, upande wa pili. Mzima au amekufa? Iulize mikono yako. Usinizungushe, we mtu, nimechoka! Mtu hasimami, anamwingiza kwenye mji ambao kuta zake zote ni vioo, na katika kila kioo Ndiwa ameng'ang'ania miti ya lango huku wanaume wawili wakimkata mgongoni. Naliaka, anaita, nifungulie, mpenzi. Naliaka anapiga kioo ngumi, kinapasuka, nyuma yake kuna kingine, anapiga, vidole vinachanika, hadi kioo cha mwisho kinakuwa miti yenyewe. Anang'oa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwanamume mmoja anapenya, Naliaka anamshushia mti wa kichwa, mfupa unapasuka, anamshushia tena hata baada ya kuanguka, na ukweli usemwe, anaona raha. Wa pili anamkata mkononi. Hajali. Amemshika Ndiwa, anamvuta, bega limeshapita, bado kidogo tu.

Wewe Naliaka! Ni shangazi, anamtikisa. Nani kaacha boma wazi? Ng'ombe wanayamaliza mahindi yangu!

Mkono wa Naliaka unavuja damu, huenda ni kisu cha vitunguu. Anakimbia hadi kwenye lango la boma la shangazi. Miti mitatu iko chini, mmoja una damu mbichi na nywele fupi, na kwenye miba ya ua umenasa uzi wa kijani. Anauvuta, unazidi kuja, na hajui tena ni upande upi ameamkia.

Shangazi anauona mkono ule, sauti yake inashuka. Rudisha miti, mwanangu, twende nikufunge kidonda.

Naliaka anakaa chini katikati ya lango, uzi umekaza mkononi mwake, kana kwamba kuna aliyeushika kule mwisho. Siwezi, shangazi, anasema. Bado kuna mtu nyuma yangu.