Kifuu Kisichoelea

Macho ya mama yalikuwa yamekwisha, na mtu pekee aliyejua ni mimi. Aliniapisha nisiseme. Watu wa kisiwa chetu cha Fundo wakijua tu, alisema, watamkalisha kitako nyumbani kama gunia la mpunga, na Mwatum binti Vuai si mtu wa kukalishwa. Basi kila bamvua, maji yanapokupwa sana, nilimfuata mwambani roho mkononi. Yeye anapapasa matundu ya pweza kwa mchokoo wake, mimi namlinda na kununa.

Kati ya mwamba na pwani pana mkondo. Maji yakipwa, unauvuka bila kulowa magoti. Yakijaa, unazamisha mtu mzima. Wanawake wa kwetu kuogelea hatujui, lakini tuna kifuu cha nazi. Ukishavuka unakiweka mchangani, kikavu, kimefungwa kitambaa chekundu. Maji yakianza kurudi, kifuu kinaelea, wekundu unaonekana kwa mbali, na hapo hakuna cha subiri kidogo. Ukiondoka kabla yake utachekwa mpaka uchoke.

Siku hiyo wenzetu walikuwa harusini Wete. Tulikuwa wawili tu.

"Kifuu kimeelea?" mama aliuliza.

"Bado."

Akaendelea kuchokoa. Akauliza tena, nikatazama tena, sikuona chekundu chochote juu ya maji. Mara akasimama wima.

"Asma, mbona maji yan'fika mapajani?"

"Umesimama shimoni, mama."

"Shimo gani? Hapa mie n'napajua kama jikoni kwangu. Hebu tazama vyema!"

Nikamkamata mkono, nikamburura hadi ukingoni mwa mkondo. Maji yalikuwa kiunoni, safi, na chini yake nilikiona kifuu chetu. Pweza mdogo alikuwa amekivuta chini ya jiwe, akaketi ndani yake, akajifunika kwa gome la chaza kama mtu anayefunga mlango. Kitambaa amekikunja ndani pamoja naye. Asingetosha mchuzi wa mtu mmoja, na jicho lake limenitulia tu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

"Kunani?" mama akauliza.

"Pweza kafanya kifuu nyumba yake."

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akalitupa pakacha lake na pweza wote wa asubuhi.

"N'ache, Asma. Vuka weye."

"Nyamaza, mama!"

Sijawahi kumjibu hivyo maishani. Nikafunga ncha ya kanga yake kwenye kifundo cha mkono wangu, tukaingia. Maji yakafika kifuani, yakafika shingoni. Mama akaanza kutoa shahada kwa sauti, nami nampigia kelele afunge mdomo asije akanywa maji. Kisha sauti ikakatika. Kanga ikanibana hadi mfupani. Nikavuta nikilia, nikimwita Mungu na kumtukana pweza kwa pumzi moja, nikavuta tena, mpaka kidole cha mguu kikagusa mchanga.

Tulitoka tukitambaa. Mama alikuwa akitapika maji, lakini alikuwa akipumua.

Bi Safaa alikuwa kwenye mwani wake akatuona, akaja mbio. Yeye na mama walicheza pamoja utotoni, wakaolewa mwezi mmoja, na siku haipiti bila kutaniana. Akasimama mbele yetu, hatua moja tu, jua likimwakia usoni. Alikuwa ameishiwa pumzi, hata jina hakuweza kulitamka. Akamshika mama bega.

Mama akashtuka, akageuza uso huku na huku.

"Nani huyo?"

Bi Safaa akaanza kucheka, akidhani ni utani wao. Halafu akanitazama mimi, na kicheko kikamfia mdomoni.

"Mwatum! Ni miye, Safaa!"

"Safaa," mama alisema taratibu, "mie sioni. Mwaka wa pili huu. Mwambani sendi tena."

Muda wote huo nilikuwa nikimwomba Mungu amtie mama neno hilo kinywani. Nilipolisikia, nilitamani alimeze.