Moyo Uliotulia

Daftari lilining'inia kwa uzi nyuma ya mlango wa jikoni, na Bibi hakupenda kuupa mgongo mlango ule. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili za namba. Ya kushoto aliiandika marehemu mjukuu wake wa kiume: mapigo ya moyo wake kwa dakika, aliyoyahesabu kila alipoamka, kabla hajanyanyua kichwa kwenye mto wa kulalia. Ya kulia ilikuwa ya dada yake aliyemfuata, aliye hai, mpiga pasi kwa dobi wa mtaa wa pili. Alfajiri anakimbia, akitoka kazini anakimbia tena. Mbio ambazo kaka yake hakuwahi kuzifikia zilibakiza siku kumi, naye aliapa kuzikimbia kwa niaba yake.

"Bibi! Nimemfikia!"

Kikombe kilimponyoka Bibi, kikazama kwenye karai. "Umemfikia nani?"

"Kaka! Tazama. Arobaini na sita. Mwezi uliopita nilikuwa hamsini na nane. Moyo umetulia, Bibi. Ndiyo afya yenyewe hiyo."

Bibi akatazama safu ya kushoto. Arobaini na sita. Chini yake, karatasi tupu.

Neno lile, "umetulia," lilimchoma. Asubuhi ya mwisho ni yeye aliyemshika kijana mkono, akacheka, akasema, "Mume wangu, moyo wako umetulia kama maji ya mtungi." Nyumba nzima ikashangilia. Kwao mtoto aliyetulia ndiye mtoto mwema, na mtu mzima aliyetulia ndiye mwenye akili. Nani angedhani moyo nao hutulia kwa kuelemewa? Kijana akatoka na homa aliyoificha, akaanguka kwenye kona ya duka la viatu. Daktari alisema moyo ulikuwa mgonjwa, naye akautwisha mzigo juu ya ugonjwa. Miaka miwili sasa, Bibi akijilaza, anaisikia sauti yake mwenyewe ikimsifu marehemu.

"Kaa unywe chai, mke mwenzangu."

"Sitaki."

"Jana nayo hukula. Na usiku umepiga mateke ukuta kama punda wa kukodi."

"Mke mwenza gani wewe, hata usingizi wangu unauhesabu!" Alisema bila kucheka, yeye ambaye zamani utani wa Bibi ulimwangusha chini. Macho yalikuwa yameingia ndani. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama mbichi ya pasi, na miaka minne kwa dobi hakuwahi kuungua hata ukucha.

Bibi akajifuta mikono. "Kitendawili!"

"Bibi, nachelewa."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Wawili wamelala kimya chumba kimoja, gizani. Mmoja ameshiba, mwingine ameishiwa nguvu. Utawajuaje?"

"Nitawapapasa."

"Wote wana joto."

"Nitasikiliza pumzi."

"Wote wanapumua taratibu."

Msichana akavuta kamba ya kiatu kwa hasira. "Chukua mji, uniambie."

"Nimechukua, na watu wake wote. Waite! Aliyeshiba ataitika. Twende ngazini tukamwite huyo wako."

Jengo lao lilikuwa na ghorofa nne. Msichana akapanda mbio mpaka juu, akashuka, akamkuta Bibi amekaa kwenye kidato cha chini na saa mkononi. Miguu ilimtetemeka, pumzi ilimkwaruza kooni. Akaweka vidole shingoni, akahesabu.

"Mia na nane."

"Mwezi uliopita?"

Msichana akafuta jasho, akageuza uso.

"Mwezi uliopita ngazi hizi hizi zilikufikisha mia na hamsini, ukashuka unaimba, ukala mkate wangu na wako. Ule ndio moyo ulioshiba. Huu umeitwa, na miguu yako imekwisha, nao haukuitika."

"Labda umezidi kuwa na nguvu."

"Basi na miguu ingekuwa myepesi. Siku hizi unakimbia haraka kuliko zamani?"

Msichana akakaa. Alipozungumza, alizungumza na viatu vyake. "Nachelewa kila siku. Nikifika kona ya duka la viatu nasikia mtu mbele yangu. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Leo nimesema, namba zikilingana, nitamshika."

Bibi akasogea karibu. Akamshika mkono, pale pale alipomshika yule mwingine. "Mimi ndiye niliyemwambia ametulia. Nilimsifu, akatoka. Wewe sikusifu. Leo tunakwenda hospitali, na mbio hukimbii."

"Na yeye nani atammalizia?"

"Hakuna, mwanangu. Haimaliziki."

Msichana akalia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha majirani. Bado alikuwa analia mlango wa nje ulipofunguka, bila mtu kuwapita pale ngazini. Viatu vya mpira vikaanza kugonga lami, taratibu, sawasawa, hatua ya mtu ambaye hajachoka hata kidogo. Msichana akanyanyuka nusu.

"Unamsikia?"

Bibi alimsikia. Aliijua hatua ile tangu ilipokuwa ya kutambaa. Akakaza vidole kwenye mkono wa aliyebaki.

"Mwache atangulie," alisema. "Wewe kaa."

Hatua zikafika kona, zikasimama kidogo, kama za mtu anayengoja mwenzake. Msichana akatazama mlango. Kisha, polepole, akainama akaanza kufungua kamba za viatu.